Nyanzira, Mtoto wa Njiani

Juzi karani aliyekuwa akinijazia fomu aliinua kichwa akaniuliza, "Nyanzira! Ndilo jina gani hilo?" Nikacheka, ndugu yangu, kwa sababu swali hilo liliwahi kuniliza.

Nilizaliwa kijijini Keza, na kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, inzira ni njia. Nikiwa darasa la pili wenzangu wakaanza kuniita mtoto wa njiani, kana kwamba niliokotwa. Siku moja nikamwomba mwalimu alifute jina hilo kwenye daftari la mahudhurio, abakize lile la ubatizo. Akalifuta.

Jioni, mama akiwa bado Lusahunga akiuzia madereva wa malori ndizi, nilimsimulia bibi huku tunachambua maharage. Hakunigombeza. Aliweka ungo chini, akamwita mama wa jirani, yule mwenye sauti nzito niliyekuwa nikimwogopa. "Njoo umweleze huyu. Jina lake analitupa."

Jirani alikuja mikono imejaa majivu. "Mama yako tulimbeba kwa machela kumpeleka zahanati," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha, tunateleza tu. Tulipofika bondeni, wewe ukakataa kusubiri. Nilikupokea kwa kitenge changu, na hukulia. Nikakupulizia, nikakusugua mgongo, wabebaji wametupa kisogo wanasali rozari. Ulipolia, na wao wakalia. Mimi na bibi yako tulikuwa hatusalimiani mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa shamba. Palepale njiani akanishika mkono, akasema, 'Mpe jina wewe.'"

Bibi aliuchukua tena ungo, akaendelea kuchambua maharage.

Asubuhi nilimwamkia mwalimu, nikamwomba alirudishe jina langu.

"Umeshaamua sasa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akaliandika upya, kwa wino mwekundu.

Siku hizi wajawazito wa kwetu hupelekwa kwa pikipiki, nami nafurahi. Machela sijui ziliishia wapi. Watoto wa kike wanapewa majina yaliyosikika kwenye simu, na siwalaumu wazazi wao. Ila kila nilipokwenda likizo, jirani yule alikuwa akiniita kutoka ng'ambo ya migomba, "Nyanzira we!", akilivuta jina mpaka niitike.

Tulimzika mwaka jana. Mama na bibi walishatangulia, na wale wabebaji pia. Hakuna tena aliyenisikia nikilia mara ya kwanza.