Hata mashine yake inaona aibu

Leo kompyuta imekataa kuongea kwa niaba yangu, mbele ya shule nzima.

Mnaonijua mnajua, mimi mbele za watu siongei. Kwa hiyo niliandika programu ya JavaScript inisomee hotuba yangu ya Kiingereza. Ikisoma vizuri, naenda maonyesho Tanga.

Sauti yenyewe inatoka kwenye maktaba ya zamani ya C, yaani programu ya kuazima iliyoandikwa kwa lugha nyingine ya kompyuta. Lazima uitangazie mapema utaipa nini, namba au maandishi. Ukikosea haikuambii. Inaanguka na programu nzima.

Asubuhi, haraka haraka, nilikuwa nimeongeza sehemu ya kupanga kasi ya kusoma.

Nikabonyeza.

Dirisha likajifunga. Kimya.

Mwanaidi, ninayekaa naye dawati moja, akasema ukumbi mzima usikie: "Hata mashine yake inaona aibu."

Walicheka hadi walimu.

Mwalimu wa kompyuta akaniambia, "Haya binti, soma mwenyewe."

Nikasimama. Mdomo haukufunguka. Tukaanguka wote wawili, mimi na programu, bila ujumbe wa kosa.

Anayekwenda Tanga ni Mwanaidi. Hajaandika hata mstari mmoja, ila anaongea.

Nimefika nyumbani Mnyuzi ndipo nikaona: kwenye ile kasi, palipotakiwa maandishi nilitangaza namba. Nikarekebisha. Ikasoma hotuba yote bila kukwama.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Kiingereza hajui. Akasikiliza hadi mwisho, akanitazama.

"Unaona mwenzio anavyoongea?"

Chekeni tu hapo chini kwenye maoni. Mwanaidi atawaanzishia.