Baiskeli ya Kike

Baiskeli ya kwanza bado ninayo. Ni lile jitu jeusi la chuma linaloonekana katika kila ua huku Runzewe, na kwa miaka mingi limenipeleka karashani, tunakosaga mawe ya dhahabu, nikirudi jioni na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Mwaka huu nikaanza kushuka na kulisukuma kwenye vilima. Kisha nikaanza kulisukuma hata kwenye tambarare.

Mke wangu nilimwambia limechakaa. Nikasema nataka ya pili, nyepesi, yenye gia, ya kuendea kazini na ya kutembelea Jumapili kama watu wenye nafasi. Uongo mtupu. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kifua kikuu sina, ila vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu na halitoki, na karasha niiache. Nyumbani nilipeleka nusu ya kwanza ya habari. Mke wangu akachinja kuku kwa furaha, nami nikamla. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi niliamua kuficha kikohozi chenyewe.

Tukaenda Kahama kwa basi, kwa muuza baiskeli za mtumba. Nilichagua upesi: nyekundu, ya kiume, gia zake hazina kelele.

"Ijaribu kwanza, mzee," muuzaji akasema. "Nenda hadi kwenye ile nguzo ya umeme urudi."

Nina miaka arobaini na miwili. Hiyo "mzee" ilinichoma. Nikarusha mguu juu ya bomba la fremu, nikaondoka kwa mbwembwe.

Kwenye nguzo nilifika. Kurudi ndiko kulikonishinda. Nikashuka, nikainama nikijifanya nakagua cheni, na hewa ikagoma kuingia. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa vile hata nilipokuwa nashuka shimoni ujanani. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa palepale kando ya muuzaji, ananitazama tu. Kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba ameamini habari ya cheni.

Niliporudi nikiikokota, alikuwa ameshika nyingine, ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye karia pana.

"Hiyo iache. Tunachukua hii."

"Mimi nipande ya kike? Wenzangu karashani watanicheka mpaka wachoke."

"Karashani huendi tena." Hakupandisha sauti.

"Nani kakwambia?"

"Unalala umekaa, baba. Tangu mavuno unalala umeegemea ukuta. Ulidhani na mimi nimelala?"

Muuzaji akajifanya anatafuta pampu. Nilimkasirikia kwa kusikia, nikamkasirikia mke wangu kwa kujua, na mwenyewe nikajichukia kwa yule kuku.

"Shusha siti," mke wangu akamwambia muuzaji.

Muuzaji akanipima kwa macho. "Itakuwa fupi kwa mzee, mama."

"Nipime mimi. Mwendeshaji ni mimi."

Akaishusha, akakaza nati. Mke wangu akajaribu breki, akakaa, akaacha mguu mmoja chini. Wanaume walikuwa wengi pale, na nilitamani ardhi inimeze.

"Panda. Stendi ni mbali."

Nikapanda kwenye karia, nikamshika kiuno. Hatukufika mbali kabla sijahisi mbavu zake zikitetemeka mikononi mwangu. Alikuwa analia, na hakuacha kukanyaga pedeli.