Mizinga Chini ya Ukuta wa Kairo

Kompyuta aliyoniachia mwanangu ilikaa nyuma ya duka langu pale mtaa wa Wabera. Kila alasiri, akitoka msikitini, rafiki yangu, dereva wa lori aliyestaafu, alikuja tukacheza mchezo wa miji na vita. Tulipokezana kiti. Mimi nilitawala Venisi, yeye Kairo. Tulijiwekea sheria moja: hakuna mizinga mpaka Enzi za Kati ziishe.

Mwanzo wa enzi hizo haukutusumbua. Nilisema zilianza Roma ilipoanguka. Akasema huko Kairo hakuna aliyeiona ikianguka, lakini akakubali ili tucheze. Mwisho ndio uliotuharibia. Mchezo ulipofika mwaka ambao Waturuki waliteka Konstantinopoli, nilimwambia enzi zimekwisha, ndivyo tulivyofundishwa sekondari.

"Mji ulioanguka si wangu," akasema. "Mimi niko Kairo. Kwangu kimeisha nini?"

Hoja yake ilikuwa nzuri, na nilijua hivyo. Lakini mizinga yangu ilikuwa tayari. Kwa wiki nyingi alikuwa akijenga ukuta wa Kairo yake, pua ikikaribia kugusa kioo cha kompyuta, nami nikimtania, "Mzee, ramani unaisoma ama unainusa?" Alikuwa akicheka. Siku nilipoubomoa hakucheka. Alichukua kofia yake, akaniaga vizuri kama kawaida, na hakurudi.

Sikumfuata. Nilijiambia hasira zikipoa atakuja mwenyewe. Ilipita miezi ndipo binti yake, aliyekuja dukani kununua misumari, akaniambia baba yake haoni tena. Presha ya macho ilikuwa ikimpunguzia kuona kwa muda mrefu, na yeye alijua.

Jioni hiyo nilienda kwao. Nilimwambia nimeutunza mchezo kama ulivyokuwa kabla ya mizinga. Enzi zitaisha atakapotaka yeye. Mimi nitamsomea ramani, yeye aamue.

"Ule mlango wa upande wa mtoni," akauliza, "mwishowe niliuweka wapi? Nimesahau."

Nilikuwa nimeutazama ukuta ule kila siku, lakini nilitafuta tu mahali pa kupiga. Ilibidi nimwambie sijui.

"Basi nenda ukaangalie," akasema, akaipapasa redio iliyokuwa kando yake mpaka akapata kitufe, akaongeza sauti.