Swichi Inayovuma Sebuleni

Swichi ya kupunguza mwanga niliiona kwenye nyumba moja kule mtaa wa Karen nikaitamani, nikanunua kama hiyo. Kwangu, mtaa wa Satellite, kila nilipoizungusha taa zififie, ilivuma ukutani mpaka kichwa kikaniuma. Fundi wa kwanza aliniambia itazoea. Itazoea, kwani ni ndama? Wa pili alikaza skrubu akaenda zake. Wa tatu ndiye aliyesema ukweli: swichi ile ilitengenezewa balbu za zamani, haipikiki chungu kimoja na hizi zangu za LED. Nikaenda Hurlingham kununua inayofaa, nimechoka hata kuuliza maswali.

Wiki hiyo baba alikuwa amekuja kutoka Kitui kuonwa na daktari wa macho. Niliporudi na swichi mpya nilimkuta amesimama, sikio ukutani, vidole kwenye ile mbovu, akiizungusha polepole kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

"Baba, utapigwa na stima!"

"Nyamaza kwanza." Akazungusha kidogo tena, akaipata sauti aliyoitaka. "Hivi ndivyo mizinga yangu ilivyokuwa ikivuma, kabla kiangazi hakijafukuza nyuki."

Fundi yule wa tatu alipofika kufunga ile mpya, nilimrudisha na vifaa vyake.

Baba alisharudi Kitui. Swichi mpya iko kwenye droo, na kichwa bado kinaniuma. Akinipigia simu Jumapili, hata hali yangu haulizi. Ananiambia nififishe taa, kisha nisogeze simu ukutani.