Papa Amelala

Wifi yangu Vestine hajui kudanganya, na nasema hivyo kama mtu aliyejaribu kumfundisha. Mimi ni Bernardine, dada yake Naftali, na Naftali ndiye aliyekuwa mume wake. Tulitoka Uvira, tukakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, tukafika Minnesota mwezi wa Februari, ambao ni mwezi mbaya wa kufikia. Vestine alipata kazi ya kufua mashuka hotelini karibu na uwanja wa ndege. Anaamka, anafua, anarudi Richfield kwa basi, anapika, anasali. Ukimuuliza habari za maisha yake atakueleza hayo matano, kwa mpangilio huohuo, na atashangaa kwa nini bado umekaa.

Desemba 2016, mtoto wao Heri, kijana wa miaka ishirini na mbili, alipigana kwenye maegesho ya duka huko Maplewood. Mwenzake akavunjika taya. Heri akawekwa jela ya kaunti kungoja kesi, na dhamana ilitushinda. Naftali akasema hataki kulisikia jina la huyo kijana ndani ya nyumba. Tarehe nane Januari Naftali mwenyewe akaanguka kazini, kwenye ghala huko Maple Grove, moyo ukasimama. Miaka hamsini na mmoja. Kaka yangu wa pekee. Nililia mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio, nami nikamjibu kwa kisigino cha kiatu.

Sasa, kwetu msiba hausemwi kwa simu. Watu wazima wanne wanakuja, wanaketi, wanakunywa chai, wanaongea habari za mvua, halafu mkubwa wao anasema na wengine wanakushika. Ukiambiwa kwa simu ukaanguka peke yako, nani atakuinua? Kwa hilo sibishani na mtu. Ni mimi niliyesimama matangani nikasema kwa sauti: Heri asiambiwe kitu mpaka wazee wamfikie.

Wazee walikwenda. Mzee Jotham wa kanisa letu na wenzake watatu, suti juu ya sweta, wakasimama mbele ya dirisha la jela. Afisa, mama mpole kabisa, akawaeleza kwamba anayemtembelea mahabusu lazima awe kwenye orodha, na orodha anaiandika mahabusu mwenyewe. Tena hata wakiandikwa hawataketi naye, watamwona kwenye televisheni palepale ukumbini. Mzee Jotham aliomba arudiwe hilo la televisheni. Yule mama akasema yuko pia mchungaji wa jela, anaweza kumpa kijana habari. "Anatoka kwetu?" Mzee Jotham akauliza. Hapana. Wazee wakarudi nyumbani, tukawapikia chai.

Heri alipopiga simu, Vestine akamwomba awaandike wazee kwenye orodha. "Wote wanne?" Heri akauliza. "Wanakuja kunigombeza?" Akakataa.

Basi tukaamua kungoja. Wakili, avoka kama tunavyosema kwetu, alikuwa amesema kwamba tarehe saba Februari hakimu anaweza kumwachilia Heri angojee kesi nyumbani, mradi awe na anwani ya kuishi. Atatoka, ataketi kwenye kochi letu, wazee watakuja, mambo yatakwenda kama yanavyokwenda. Kazi ya Vestine ilikuwa moja tu, kupokea simu wiki nne bila kusema neno lile.

Simu ya jela ni dakika kumi na tano. Kwanza mashine inakuambia kwa Kiingereza ni nani anayepiga na kutoka wapi, kana kwamba una watoto jela zote za Amerika. Halafu Vestine anasalimia. Umeamkaje, umekula nini, kifua kinasemaje, baridi, meno, umesali? Salamu peke yake dakika sita. Zamani nilikuwa namkaripia kwa hilo. Sasa nikamwambia aongeze.

"Papa yuko wapi?" Heri aliuliza siku ya kwanza, saa kumi jioni.

"Amelala."

Kesho yake asubuhi, amelala. Jumapili mchana, saa ambayo hata wevi wa kwetu wako kanisani, amelala. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Vestine haikufika hata mlangoni. Nikamwambia, "Mama Heri, jamani, hata mgonjwa huamka. Sema yuko kazini." Simu iliyofuata akasema, "Yuko kazini, amelala."

Mwisho wa Januari Heri akaacha kuuliza. Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi. Halafu akaacha kupiga kabisa. Siku sita. Vestine alifua mashuka na simu ndani ya sidiria, akaenda nayo chooni, akalala nayo shavuni. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Siku ya saba, Jumamosi, ikalia simu yangu. Nilikuwa jikoni kwa Vestine nikipika sombe, kisamvu cha kwetu, mikono ina mafuta, nikaiweka spika.

"Shangazi," Heri akasema. "Mwambie mama nimeongea na avoka. Nimemwambia sina anwani. Papa hanitaki nyumbani, nimeelewa, simlazimishi. Nitakaa humu mpaka kesi iishe, hata ikiwa mwaka."

"Heri, wewe! Papa yako amela—"

Vestine akaninyang'anya simu. Nikamkataza kwa mikono miwili na mwiko. Nikamwonyesha kwa midomo: wazee, wazee! Mwanamke huyu ambaye kwa miaka ishirini na mitano hakuwahi kunipinga hata kwa chumvi akanipa mgongo.

Hakusalimia.

"Heri, keti."

"Hapa hakuna kiti, mama. Simu iko ukutani."

"Basi egemea ukuta. Papa yako hayupo. Alikufa tarehe nane Januari, kazini, moyo. Tumeshamzika. Tulikuficha ili uambiwe na wazee. Tulikosea."

Kwa mbali wanaume walikuwa wakibishana juu ya karata. Nikasema moyoni, haya, anaanguka sasa, peke yake, na mimi nilisema.

"Kwa hiyo hakuwa amenikasirikia?"

Nilikaa chini, sakafuni, na mwiko wangu.

"Alikukasirikia," Vestine akasema. "Wiki mbili. Halafu akaanza kuniuliza simu yako huwa inalia saa ngapi. Aliona aibu kuanza." Akavuta pumzi. "Anwani yako ni hii ya kwetu. Jumanne mwambie hakimu hivyo."

"Ndiyo, mama." Ndipo akalia. Tukalia naye, na sombe ikaungua, na sikuinuka.

"Nani yuko karibu nawe?" Vestine akauliza.

"Kuna mzee mmoja hapa, Mmarekani. Anangojea simu."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Simjui."

"Mwambie papa yako amekufa."

Heri akasema kwa Kiingereza. Tukasikia sauti nzito, ya taratibu, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa: njoo tukae chini, mwanangu, simu yangu itangoja.

Vestine hakukata. Alishika simu hivyohivyo, mpaka mashine ikaikata yenyewe.