Mdenishi Niliyemuua kwa Dubu

Nilimuua Mdenishi wa watu kwa dubu. Naanza na hilo kwa sababu dada yangu amesema nisipolianza mimi, atalianza yeye.

Mama anamtunza bibi mmoja mzungu huko Jeffersontown, kando ya mji wetu wa Louisville: anamwogesha, anampikia, anampa dawa. Jumamosi huwa naenda naye, na kazi yangu ni kula biskuti za bibi. Sasa, bibi alikuwa na babu wa babu yake, kijana wa Denmark aliyefikia mji wa Buffalo hapa Marekani enzi za kukata misitu, akapita mji wa Columbus, akaishia hakuna ajuaye wapi. Biblia ya ukoo ilikuwa na mambo matatu tu: jina lake, jina la mkewe, na kwamba alitengeneza fagio. Bibi alitaka kumwekea jiwe kaburini kabla na yeye hajaingia lake. Akaniomba nimtafute, eti mimi najua kompyuta.

Nilitafuta dakika kumi. Kisha nikaandika ukurasa wangu mwenyewe, nikauloweka kwenye chai ya rangi, nikaukausha kwenye oveni uonekane wa kale. Humo, Mdenishi aliuawa na dubu huko Columbus, ufagio ungali mkononi. Nilidhani bibi atacheka.

Bibi alivua miwani, akalia kidogo.

"Maskini, na ufagio wake," akasema.

Akamwambia mama kwamba Jumamosi ijayo mpwa wake yeye bibi ataagiza jiwe, lipelekwe Columbus, na dubu aandikwe. Mama akanishika bega kwa fahari. Biskuti niliyokuwa nayo mkononi nikairudisha kwenye sahani.

Tuliporudi mtaani kwetu South End nikamwambia dada.

"Kaseme leo," akanijibu.

"Mama atafukuzwa kazi."

"Basi mtafute huyo mtu, mjinga wewe. Dubu umempata, binadamu akushinde?"

Watu wa ukoo wa bibi walikuwa wametafuta jina lile la Biblia kila mahali kwa miaka, kama watu wanaoamini kwamba mtu hufa na jina alilofika nalo. Sisi nyumbani tuko watano na majina ya ukoo matano. Tulipofika Marekani karani alimuuliza mama mara tatu hawa watoto ni wa nani. Baba naye, kanisani ana jina moja, kwenye makaratasi ya kambi ya wakimbizi ana jingine. Kwa hiyo jina la ukoo nikalitupa. Nikatafuta mume, mke na fagio.

Siku ya nne wakajitokeza Columbus, kwenye daftari la kuhesabu watu: majina yale ya kwanza, kazi ile ile, ukoo mpya kabisa. Nikalifuata hilo jina jipya mpaka hapa hapa Louisville. Alikufa kitandani, mzee, kwa ugonjwa wa kifua. Kaburi lake liko South End, basi moja tu kutoka kwetu. Nilienda. Mtunza makaburi akanionyesha kwa ncha ya kiatu: nyasi na namba.

Jumamosi nikasema yote, mama akiwa anamchana bibi nywele. Kitana kikasimama.

"Kwa hiyo hakuna dubu," bibi akasema.

"Hakuna."

"Na ulikaa hapo ukaniangalia nikilia."

"Ndiyo, bibi."

Kisha akataka namba ya kaburi, akaiandika mwenyewe, akamwambia mama aendelee na nywele, na kwamba Jumatatu atamngoja kama kawaida. Mimi hakuniambia nirudi. Biskuti hazikutoka kabatini.

Tukaingia garini. Mama akachomeka ufunguo, lakini hakuwasha.

"Bon, haya," akasema. "Mimi baba yangu alibaki njiani tukikimbia. Sijui walimzika wapi. Mtu akiniletea karatasi leo, nitaiamini. Funga mkanda."