Fulana Iliyonikwama Kichwani Mbele ya Mama Mkwe

Likizo ya Juni nilijifunza kushona. Mimi ni mwalimu, shule tumefunga, mke wangu yuko kazini mchana kutwa, na nyumbani Dunda tulikuwa tunabaki wawili: mimi na mama yake. Yeye ana cherehani ya siku nyingi. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunaheshimiana kupita kiasi. Mimi mtoto wa Ubena, nimelelewa kumwinamia mkwe, nisimtazame usoni. Mwaka mzima wa ndoa hatukuwa tumevuka shikamoo, marahaba, na chakula tayari.

Nikaomba cherehani, akaniitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimenunua kitambaa cha fulana, rangi ya kijani. Nikakitandika sakafuni, nikaweka juu yake fulana yangu ya zamani, nikachora kwa chaki, nikakata. Mabega na shingo nilishona mwenyewe, mshono wa kawaida, ulionyooka. Nilipofika ubavuni, cherehani ikaanza kuruka mishono na kitambaa kikajikunjakunja.

Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Hicho kinavutika, baba. Kina sindano yake."

Akatia sindano ya ncha butu, akageuza mshono uwe wa kwenda upande na kurudi. "Usikivute. Kiongoze tu, kitakwenda chenyewe."

Kweli kikaenda. Kufika adhuhuri mbavu zimefungwa na mikono imekaa mahali pake. Nikakimbilia chumbani kuijaribu juu ya vesti. Mikono ikapita. Kichwa kikafika puani, kikakataa. Ile shingo niliyoishona mwanzo kwa mshono ulionyooka haikuvutika hata kidogo. Nikajaribu kuivua, nayo ikakataa. Nikatoka nikipapasa ukuta, mikono juu, sioni kitu.

"Mama, samahani. Nimekwama."

Kisha nikasikia kicheko ambacho sikujua kama anacho, cha mtu anayeshika mbavu.

"Inama, baba! Inama kidogo!"

Akashika pindo, akavuta. Uzi ukakatika, prrr, na kichwa kikatoka na masikio yanawaka moto. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikashindwa kujizuia, nikacheka naye.

"Afadhali wewe," akasema. "Suruali ya kwanza niliyomshonea marehemu mume wangu, miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto. Akaivaa hivyo hivyo kwenda sokoni, asinivunje moyo."

Tukafumua shingo, tukaipanua, tukaizungushia utepe wa kitambaa kile kile, mimi nikikanyaga cherehani na yeye akinisimulia visa vya mume wake. Mke wangu aliporudi alisimama uani akisikiliza, mkoba bado uko begani.

"Mna nini nyie?"

"Mwulize mumeo," mama akasema, na kicheko kikamshika upya.

Mkono mmoja wa fulana ile ni mrefu kuliko mwenzake. Juzi nimeivaa kwenda Kiwangwa kununua mananasi.